Nilichagua Ampli Inayoingia Kwenye Begi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Nikianza kueleza nitazunguka, na nikifika mwisho nitakuwa nimeliweka kosa kwa mtu mwingine, kama nilivyofanya mara ya kwanza.

Nilitumwa mjini kuchagua ampli, mashine ya kukuza sauti, ya kuendesha bafle mbili, yaani spika, za marehemu aliyenifundisha kazi. Nilichagua vibaya, na nilijua kwamba ninachagua vibaya. Bafle ziliungua. Nilipoulizwa, nikamwacha mwenzangu abebe lawama. Leo hayupo, na hakuna anayejua kama yuko hai.

Jina langu sitaandika. Mimi ni kijana wa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi, niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito kwa kuandika. Barua hii nimeianza Jumatatu na leo ni Ijumaa. Lakini ni afadhali niandike, maana kusema siwezi. Mtu akiniangalia machoni maneno yananikimbia. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Aibu hiyo ndiyo iliyofanya yote haya.

Bafle zilikuwa za Papa Riziki. Alizinunua Lilongwe kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao, miaka mingi kabla sijamjua. Zilikuwa za mbao, zinanifika kwenye paja, kitambaa cha mbele cheusi. Si zile za kelele zinazowekwa mbele ya maduka. Hizi zilikuwa na sauti safi. Kwaya ikiimba ndani yake, ungeweza kumtambua mama fulani kati ya watu thelathini na kusema, huyu ni yeye.

Kwa hizo bafle alifungua sono, yaani vyombo vya muziki vya kukodisha. Harusi, ibada, matanga, na zile sherehe za kuaga familia inayopelekwa ng'ambo, watu walimtaka yeye. Nyumba yake ilikula kwa bafle hizo.

Riziki alikuwa binti yao. Alifariki kwa homa njiani, kabla hawajafika Malawi, akiwa na miaka minne. Jina likawabakia, Papa Riziki na Mama Riziki.

Kisha walimpata Dezire. Dezire ni Mrundi, alifika kambini na kundi la watu akiwa na miaka tisa, bila mzazi, bila ndugu. Wale wazee wawili walimchukua. Kwenye karatasi ya familia aliandikwa kuwa mtoto wao, na ndivyo alivyoishi. Mama alimwita mwanangu, yeye alimwita mama, na kama hukuambiwa usingejua.

Tulikuwa na umri mmoja, mimi na yeye. Kazi tuligawana hivi: yeye alibeba, alipanga waya, alisimama kwenye ampli siku ya sherehe na kucheza na watu. Mimi nilikaa nyuma na kurekebisha vilivyoharibika. Papa Riziki ndiye aliyenifundisha kulehemu, na ndiye aliyenipa meza ndogo sokoni ninapotengeneza redio mpaka leo. Dezire aliniita fundi. Wengine walinicheka kwa kuwa nakaa kimya, yeye aliniongelea mahali nilipopaswa kuongea.

Nataka mlielewe jambo moja la bafle, halafu sitawachosha tena. Nyuma ya bafle kuna kibati kimeandikwa namba ya omu. Za Papa Riziki zilikuwa omu nne. Namba ikiwa ndogo, bafle inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwa ampli. Ukichukua ampli iliyotengenezwa kwa omu nane ukaifunga kwenye bafle ya nne, ni kama kumtwisha mtu mmoja mzigo wa watu wawili. Akitembea polepole anaweza kufika. Ukimkimbiza ataanguka, na mzigo, yaani bafle, utaharibika naye. Papa Riziki alinieleza hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, nikiwa na miaka kumi na tano. Kwa hiyo msije mkasema sikujua.

Alifariki mwanzoni mwa mvua zilizopita, kwa ugonjwa wa tumbo. Hata miezi mitatu haikuisha, umeme ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu, na ampli yake ya zamani ikafa. Niliifungua. Ndani kulikuwa kumeungua kabisa, harufu ilikaa nyumbani siku mbili.

Mama Riziki alituita, mimi na Dezire, tukakaa uani kwake.

"Kuko harusi ya ile jumamosi ingine," alisema. "Nilishakubali. Ampli itapatikana ku Old Town. We fundi, njo unajua bintu ya umeme. Enda we."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Lakini ubebe bafle moja. Uifunge kwa ile ampli kule kule, usikie na masikio yako. Bwana yangu hakununua kitu bila kukijaribisha."

"Mama, ku bariyeri batanisimamisha," nilisema, maana njiani kuna kizuizi cha polisi. "Bataniuliza bafle ni ya nani, naipeleka wapi."

"Si uko na ruhusa ya siku moja ya kutoka kambi?"

"Iko. Lakini haisemi bafle."

Dezire alicheka. "Huyu anaogopa polisi kuliko anaogopa simba. Twende wote, fundi. Mi Chichewa yangu iko mingi kupita yako. We utaangalia ampli, mi nitaongea."

Yale maneno yalikuwa ya kweli na yalikuwa ya upendo. Lakini Mama alicheka pia, na jirani aliyekuwa akianika nguo akacheka. Nikasikia uso unawaka. Nikasema nitaenda peke yangu, na bafle haina haja ya kubebwa, nitaandika namba zake kwenye karatasi, fundi wa kweli anachagua kwa namba.

Mama aliniangalia. "We njo fundi," alisema, yaani wewe ndiye fundi. Basi.

Niliondoka asubuhi ya Alhamisi. Kabaza, baiskeli ya kukodi, ilinipeleka mpaka barabara kubwa, nikapanda gari. Mgongoni nilibeba begi langu la shule, lile lile nililokuwa nalo nilipoacha shule darasa la saba. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: omu 4. Nilipiga mstari chini yake.

Old Town, kwa wasioijua, ndiko kwenye maduka makubwa ya jumla, stendi ya mabasi, na watu wengi kuliko mahali popote Lilongwe. Nilipita maduka matatu bila kuingia kwa sababu wauzaji walikuwa wamesimama mlangoni na wangeniongelesha. Kwenye la nne muuzaji alikuwa ameketi ndani, mzee wa Kihindi mwenye miwani, anaongea Chichewa vizuri kuliko mimi. Nikaingia.

Nilimwambia nataka ampli ya bafle mbili za nyumbani. Akaweka mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa ya zamani, imetumika, rangi ya fedha, haina taa isipokuwa moja ndogo nyekundu. Alipoiweka, meza ililia. Niligeuza nyuma: omu 4 mpaka 16. Niliinua upande mmoja, na mkono wangu ukajua papo hapo. Uzito ule ulikuwa uzito wa ampli ya Papa Riziki.

Ya pili ilikuwa mpya, ndani ya katoni. Nyepesi kama sanduku la viatu. Mbele ina taa za bluu zinazocheza, mahali pa kuchomeka flashi, na imeandikwa wati mia tano kwa herufi kubwa. Nyuma, kwa herufi ambazo ilibidi nisogeze jicho, imeandikwa omu 8.

Bei hazikupishana kwa kitu cha kuzungumzia. Pesa alizonipa Mama zilitosha yoyote.

"Chukua hii nzito, achimwene," mzee alisema. Aliniita kaka, kwa heshima kabisa. "Hii ni ya mtu anayesikiliza. Unatoka wapi?"

Hapo ndipo mguu wangu ulipoteleza. Swali dogo, la salamu tu. Lakini mimi nikisikia unatoka wapi, moyo wangu unafanya kama nimeshikwa. Niliona kwamba nikisema Dzaleka ataniuliza ruhusa, au atabadilika uso, au watu wawili waliokuwa dukani watageuka kuniangalia. Nikasema, "Madisi," mji wa wenyeji.

"Ah, Madisi. Ni mbali kwa mzigo huu. Ngoja nikuandikie risiti nzuri, polisi wakikusimamisha unawaonyesha, hawatakusumbua. Jina lako nani?"

Akashika kalamu, akangoja.

Nilikuwa nimekwisha sema Madisi. Jina langu si la Madisi, na hata mtoto angelijua. Kitambulisho changu mfukoni kinasema mimi ni nani. Nikitoa jina, atajua nimemdanganya. Nikitunga jina, risiti na kitambulisho vitapingana mbele ya polisi. Nilisimama pale, yeye ameshika kalamu.

Nikaangalia ile ampli ya rangi ya fedha, kubwa, haiwezi kufichwa popote. Nikaangalia ile nyepesi. Nikaangalia begi langu.

"Nitachukua hii," nikasema. "Risiti si lazima."

Akashusha kalamu. "Hii ni ya omu nane tu. Bafle zako ni omu ngapi?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu. Nne, na mstari chini yake.

"Nane," nikasema.

"Una hakika?"

"Ndiyo. Zikomo," nikamshukuru.

Sikupima ampli kwa bafle. Niliipima kwa begi. Iliingia vizuri, nikaweka fulana juu yake, nikafunga zipu.

Na kwenye kizuizi cha polisi, yale niliyoyaogopa tangu alfajiri, mnataka kujua yalikuwaje? Polisi mmoja alichungulia dirishani. Kulikuwa na mama aliyepakata kuku wawili. Polisi akamwuliza, "Mama, hao wana karatasi?" Gari zima likacheka. Akatupungia mkono tupite. Mimi hakuniangalia hata kidogo. Ningeweza kupita na ampli kumi.

Nyumbani taa za bluu zilimaliza maswali yote. Majirani walikuja kuona. Mmoja akasema sono ya Mama Riziki sasa ni disko, Mama akacheka mpaka machozi kwa mara ya kwanza tangu azike. Tuliweka muziki kwa sauti ndogo na ulitoka vizuri, nami nikaanza kujiambia kwamba labda namba si kitu.

Dezire ndiye aliyeigeuza nyuma. Yeye alisoma shule zaidi yangu kidogo, na alikuwa na tabia ya kusoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni.

"Fundi. Hapa nyuma banaandika munane. Bafle yetu si iko ine?"

Mama alikuwa ndani wakati huo, anapika. Tulikuwa wawili tu.

"Ni namba ya kiwanda," nilisema. "Haina shida."

"Papa hakukuwa anasema vile."

"Papa alikuwa na ampli ya zamani. Hizi ni za kisasa."

Aliniangalia kidogo, kisha akapandisha mabega. "Sawa. We njo fundi." Maneno yale yale ya Mama, na yeye aliyasema kwa kuamini kweli.

Harusi ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye uwanja wa kanisa. Bibi harusi Mkongomani, bwana harusi Mnyarwanda, watu wengi kuliko viti. Dezire alisimama kwenye ampli, mimi nilikaa nyuma yake na sanduku langu la vifaa. Saa ya kwanza ilikwenda. Kisha bibi harusi na wenzake walianza kuingia wakicheza, na msema chochote, yaani mshereheshaji, mtu mmoja mnene mwenye suti nyeupe, akataka muziki uwe mkubwa.

"Sono! Munalala? Ao munafiwa?"

Watu walicheka. Dezire aliweka kiganja juu ya ampli, akakitoa haraka.

"Fundi, inachoma mukono. Tuishushe kidogo ipumuzike."

"Iache."

"Inachoma, nakuambia. Sikia na we."

Sikutaka kuigusa, maana nilijua nitakachokikuta. Msema chochote alikuwa ametugeukia, na aliona mimi ndiye ninayejibu. "Yule wa nyuma, mwenye kofia, ule njo mukubwa? Aongeze basi, ao tulete ngoma za kanisa!" Uwanja mzima ukanigeukia. Watu mia tatu, na wote wananiangalia mimi.

Nilitaka kitu kimoja tu, wageuke. Nikamwambia Dezire, "Ongeza."

"Fundi..."

"Ongeza, nimesema."

Akaongeza. Watu wakashangilia, wakarudi kumwangalia bibi harusi. Nilipumua. Haikupita hata wimbo mmoja. Bafle zote mbili zilitoa mlio mmoja mzito, kama mtu amepigwa tumboni, kisha kukawa kimya. Harufu ya gundi inayoungua ikatufikia. Bibi harusi alipiga hatua mbili tatu za ngoma bila muziki, halafu akasimama.

Wamama wa kwaya waliokoa sherehe. Walipiga makofi, wakaimba wenyewe, harusi ikaendelea mpaka jioni kama vile hatukuhitajika kamwe. Sisi tulikunja waya pembeni. Nilisukuma uso wa bafle moja kwa vidole viwili, taratibu, nikasikia ndani inakwaruza kama mchanga. Nilijua haitaimba tena. Ile ya pili ilikuwa vile vile.

Kesho yake, baada ya ibada, Mama Riziki alituketisha uani, mahali pale pale. Hakupiga kelele. Aliuliza tu.

"Munieleze. Ilikuwa aje?"

Dezire alianza. "Mama, mi nilimwambia siku ile ile ampli imefika. Nilimwambia nyuma banaandika munane na bafle iko ine. Na ku harusi nilimwambia inachoma, tuishushe. Muulize. Huyu hapa."

Akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingojea, kama mtu anayengoja rafiki yake ampe mkono avuke mfereji.

"Ni kweli, mwanangu?" Mama aliniuliza. "Alikuambia?"

Nikaangalia chini. Kulikuwa na sisimizi wanabeba punje ya mahindi. Wote wawili walikuwa wananiangalia, na ndani yangu kulikuwa na neno moja tu la kusema, ndiyo, neno la silabi mbili.

"Mi sikumbuke," nilisema.

"Na mukono wa nani ulikuwa ku volime?" Mama aliuliza kuhusu kitufe cha sauti.

"Wa Dezire."

Hiyo ilikuwa kweli. Huo ndio uchafu wenyewe. Sikusema uongo hata mmoja ambao mtu angeweza kuushika. Nilisahau tu pale nilipotaka kusahau, na nilikumbuka pale nilipotaka kukumbuka.

Mama akasema, si kwa sauti, kama anaongea na nafsi yake, "Riziki angezitunza. Mutoto wa kuzaa hangeunguza bafle ya baba yake."

Nawaapia, katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Dezire neno la namna hiyo. Nilimwona linavyomwingia. Alisema, "Sawa, mama." Akainuka, akachukua madumu, akaenda kuteka maji kama kila siku. Alijaza madumu yote, hata lile lililovunjika mshikio ambalo huwa linaachwa.

Nilikuwa bado na nafasi. Nilikuwa na siku nne kamili. Nilipita mbele ya nyumba ile mara nyingi, nikijiambia nitaingia nikimkuta Mama peke yake, na nilipomkuta peke yake nikajiambia nitaingia Dezire akiwepo.

Siku ya nne Dezire alikuja kwenye meza yangu sokoni. Kulikuwa na wateja wawili. Nilikuwa nalehemu waya wa redio.

"Fundi."

"Ee."

"We kweli haukumbuke?"

Wateja walitega sikio. Nikaendelea kulehemu. Chuma kilikuwa kimeshika, kazi ilikuwa imekwisha, lakini niliendelea kukishikilia pale pale mpaka plastiki ikayeyuka.

"Sawa," alisema. "Kazi njema."

Siku iliyofuata aliondoka na vijana wengine wanaoelekea kusini, njia ya Msumbiji. Hakumuaga mtu. Mama alifikiri amelala kwa rafiki. Ilipofika Jumapili hakuonekana kanisani, ndipo mmoja wa wale vijana alipiga simu kutoka mpakani na kusema alikuwa nao, kisha wakatengana gizani walipokuwa wanakimbia, na hawajui alielekea upande gani. Namba ya Dezire haijaita tangu siku hiyo.

Nilizichukua zile bafle nikazipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Mchesi, Lilongwe, mzee anayejulikana kwa kutengeneza spika. Safari hii nilizibeba zote mbili, mchana kweupe, kupitia kizuizi kile kile. Alizifungua, akachungulia, akanionyesha waya wa ndani umeungua mpaka umekuwa mweusi. "Naweza kuweka nyingine humu," alisema, "lakini zitakuwa mbao za hizi na sauti ya nyingine." Nikazirudisha kama zilivyo.

Mwezi uliopita tulihesabiwa. Wasioishi kambini hawajui hili: kila baada ya muda fulani watu wote wanapanga mstari, familia kwa familia, na kila aliyeandikwa kwenye karatasi lazima aonekane kwa macho. Asiyeonekana jina lake linakatwa. Akikatwa hana chakula, hana ruhusa, na akirudi ni kama mtu ambaye hajawahi kufika.

Mama Riziki alisimama mbele yangu, tulitenganishwa na familia mbili. Alipofika mezani, mwandishi alisoma.

"Mume?"

"Alikufa."

"Mtoto, Dezire. Yuko wapi?"

"Alitoka kidogo."

"Atarudi leo?"

Mwandishi alimngoja, na hakuwa mtu mbaya, alimngoja kweli. Kisha akapiga mstari.

Karatasi yake sasa ina jina moja.

Nilimfuata mpaka nyumbani. Mlangoni nilisema kabla hajageuka, kwa sababu nilijua akinigeukia sitaweza. Nikasema, "Mama, nakumbuka. Aliniambia munane. Aliniambia inachoma. Mi njo nilimwambia aongeze. Na dukani niliona ampli nzuri, nikaiacha juu ya uoga."

Aligeuka. Nilifikiri atanipiga, na nilitaka anipige. Akauliza kitu kimoja.

"Sasa hiyo unaniletea, niipeleke wapi?"

Akaikunja ile karatasi yake ya familia.

"Mi nilimwambia si mutoto wa kuzaa," alisema. "We ulinyamaza, lakini mdomo ulikuwa wangu. Na yeye iko anatembea na lile neno, kama bado iko anatembea. Sina namba ya kumwambia lingine."

Akaingia ndani. Mlango hakuufunga, lakini sikualikwa, na sijaingia tena.

Siku hizi anauza mandazi barabarani, na kila anayerudi kutoka kusini, Mama anamsimamisha na kumwonyesha picha ya Dezire kwenye simu. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi. Wote wanaangalia, wanatikisa kichwa. Ananiitikia salamu nikipita, kwa sauti ile ile anayowaitikia wateja. Watu hawajui. Wanasema Dezire aliunguza vyombo vya marehemu akakimbia. Ndiyo maana naandika hapa, ili angalau watakaosoma wajue mkono ule uliongeza kwa sababu mimi niliuamuru.

Sasa nyinyi ambao hamjafika nilipofika, sikieni. Ukitumwa kununua ampli, beba bafle. Kama huwezi kuibeba, soma nyuma, na ukisoma usijidanganye. Ukikutana na muuzaji anayekuuliza kwa wema, mjibu ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba wewe ni mkimbizi na unaogopa. Huenda angenisaidia. Alikuwa ameshika kalamu tayari.

Na ukiulizwa mbele ya watu kama mwenzako alisema kweli, jibu siku ile ile. Mimi nilijipa siku nne nikidhani ni zangu. Hazikuwa zangu. Zilikuwa za mtu aliyekuwa anafunga mizigo.